Kuku wa Mama Hawali Pumba

Baba alikataa kuhama kwa sababu ya kuku. Tulipomaliza msiba wa mama, kaka yangu mkubwa alimwambia mbele ya wazee wa kanisa kwamba mzee hawezi kubaki peke yake kijijini, aje Mbeya, achague mwenyewe kukaa kwake au kwangu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaikung'uta gotini, akasema, "Na hizi kuku za mama yenu nimwachie nani?"

Tulidhani anatania. Mama alikuwa ameacha kuku kumi na tisa wa kienyeji, wengine wenye kishungi kichwani, wengine shingo tupu bila nyoya hata moja, wote wametokana na tetea mmoja aliyepewa na mama yake siku alipoolewa. Kaka alisema tuwagawe kwa majirani. Baba akajibu kwamba hajawahi kuona mahali wanapogawa watoto wa marehemu. Ikabidi wazee wa kanisa waingilie, na wakatupatanisha hivi: baba abaki na kuku wake, na siku kuku wakiisha, kwa ugonjwa au kwa uzee, ahamie Mbeya bila ubishi. Kaka alikubali upesi mno. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba ugonjwa wa mdondo ukipita kijiji kile wakati wa kiangazi hauachi hata jogoo wa kuwika.

Niseme wazi kwamba na mimi nilitaka baba aje. Chumba nilikuwa nimekipaka rangi, kitanda nimetandika. Lakini kazi yangu ni kuchanganya chakula cha kuku. Nina banda langu Mbalizi, lenye mashine moja ya kuparaza mahindi na moja ya kuchanganyia, na tangu asubuhi mpaka jioni nagombana na watu kuhusu mambo ambayo hayakupaswa kuwa na ugomvi. Mtu anakuja na mahindi yaliyoota ukungu, anasema, "Haya si ya kuku tu?" Namfukuza na mahindi yake. Wateja wananiita mkali na wana haki. Kwa hiyo mwezi mmoja baada ya msiba nilipanda basi kwenda Iringa na chanjo ya mdondo ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, nikawadondoshea kuku wa mama jichoni tone moja moja. Kaka aliposikia alinipigia simu.

"Sasa wewe unawachanja wa nini? Si tulisema waishe, mzee aje tumtunze?"

"Waishe kwa uzee," nilimwambia. "Kwa mdondo, mimi nikiwepo, hapana."

Akakata simu. Simlaumu.

Kijiji chetu kiko nje ya barabara kuu, ukishaiacha Ipogolo kuelekea Ilula. Safari ile ya kwanza nilikuwa na haraka, nilichanja nikaondoka. Niliporudi miezi mitatu baadaye ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitegemea. Mdondo haukuwagusa, tena walikuwa wanene, lakini karibu wote walikuwa wameacha kutaga. Matetea walikuwa wamenyofoana manyoya ya mgongoni mpaka ngozi inaonekana. Baba alinionyesha yai moja aliloliokota asubuhi ile, laini, halina ganda, limefungwa ngozi tu kama kibofu. Tetea mmoja alikuwa amekufa usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilimpasua nyuma ya nyumba nikakuta tumbo limejaa mafuta ya njano, mengi kuliko niliyowahi kuona kwa kuku wa kienyeji.

"Baba, unawapa nini?"

"Chakula kizuri, mama." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Chakula kizuri kabisa. Njoo uone."

Akanipeleka kwenye banda jipya. Baba amekuwa fundi mwashi maisha yake yote, na banda alilowajengea kuku wale, watu wengine wangelipanga wakaishi. Tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, wavu wa madirishani umenyooka vizuri. Aliwafungia humo mchana na usiku kwa kuogopa mwewe, kicheche na pikipiki za barabarani. Na katikati ya sakafu kulikuwa na sinia la mama, lile la kuchambulia mchele, limejaa mahindi meupe yaliyochambuliwa punje kwa punje. Hakuna iliyovunjika, hakuna yenye doa.

Nilielewa palepale, na hasira zikaniisha. Kwetu sisi mahindi meupe ndiyo chakula, vingine vyote ni mboga. Pumba ni ya nguruwe. Mahindi mabovu yanakwenda kwenye pombe. Mtu unayemheshimu humpi kilichobaki kwenye chekecheke. Baba alikuwa anakaa kibarazani kila siku na ungo mapajani, anachambua mahindi ya kuwapa kuku wa mkewe, na mabovu alikuwa anatupa mbali ili wasiyaone.

"Mama alikuwa anawapa nini?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Mama yako alikuwa hana muda. Anawafungulia wanajitafutia. Anawapa pumba, makombo, sijui mchwa." Akashusha sauti. "Sasa yeye hayupo, mimi niwape pumba? Watu watasemaje? Kuku wa marehemu siwezi kuwalisha pumba."

Mchwa nilikuwa nimewasahau. Mama alikuwa na chungu kilichopasuka mdomo, anakijaza kinyesi cha ng'ombe na magunzi ya mahindi, anakifunika kifudifudi kwenye kichuguu jioni. Asubuhi anakifunua kimejaa mchwa, anawamwagia vifaranga, na sisi watoto tunaruka huku na huko miguu isiumwe. Hakuna aliyemfundisha habari za protini. Alisema tu kwamba kifaranga asiyekula nyama haoti mkia.

Kumgombeza mteja naweza. Kumgombeza baba yangu sikuwahi, na hata kama ningeweza, yale mahindi yalinifunga mdomo. Nilikaa naye kwenye tofali zilizobaki nikafikiri niseme nini.

"Baba, ukijenga ukuta unatumia saruji tupu?"

"Saruji tupu kwa nini? Itapasuka."

"Lakini saruji ndiyo ya maana. Ndiyo ya bei. Mchanga si upo tu mtoni?"

Alinitazama kwa jicho la kumjua mtu anakoelekea. "Saruji peke yake haina kazi. Lazima mchanga, lazima maji, kila kitu na kipimo chake."

"Basi mahindi ni saruji," nikamwambia. "Umewajengea kuku ukuta wa saruji tupu, umepasuka."

Aliokota kipande cha mkaa. Kisha akauliza, kwa sauti ya fundi anayepokea kazi, "Kipimo chake?"

Nilimpa kipimo. Mahindi yaliyoparazwa makopo manne, pumba mawili, mashudu ya alizeti mawili, soya moja lakini ikaangwe kwanza maana mbichi inawadhuru, dagaa waliosagwa nusu kopo, mifupa iliyosagwa na chokaa ya mifugo kiganja kimoja kimoja, na chumvi ya kubana kwa vidole. Wafunguliwe mchana wakapekue majani na wadudu, warudi jioni. Aliandika kwa mkaa juu ya ukuta wake mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa wa fundi. Alipofika kwenye chokaa alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Chokaa nimepaka nyumba za watu miaka yote hii. Leo naila na kuku."

"Si ile ya kupaka, baba. Ile inaunguza utumbo." Nilisimama hapohapo nikaenda kutazama stoo, na kweli mfuko wa chokaa ya kupaka ulikuwa mlangoni, umeshafunguliwa. Niliubeba mwenyewe nikaupeleka kwa jirani.

Nikarudi Mbalizi. Kila basi la asubuhi lililokuwa linapita kwenda Iringa nilikuwa natafuta kondakta ninayemfahamu nimpe kifurushi: leo soya niliyokaanga mwenyewe, kesho dagaa. Dagaa wa kuku kwa kawaida ni wale waliovunjikavunjika, wenye mchanga. Mimi nilimtumia wazima, wasafi, wale tunaokula wenyewe, kwa sababu walikuwa wa kuku wa mama na sikuona ajabu yoyote katika hilo. Nilikuwa nimeshaanza ugonjwa wa baba.

Baada ya wiki kadhaa ikaja ndoo. Kondakta aliiteremsha kwa mikono miwili akasema mzee ameagiza isitikiswe. Ndani kulikuwa na pumba mpaka juu, na katika pumba mayai, yamepangwa safu kwa safu kama tofali, ncha chini. Maganda yalikuwa magumu. Niligonga moja kwa ukucha nikasikia sauti niliyokuwa naitaka. Nilimpigia baba simu nikipiga kelele mashine isinizibe.

"Umeyaona?" aliuliza.

"Nimeyaona, baba. Wewe umekula?"

"Nimekula, nimekula. Watatu wanaatamia. Yule shingo tupu amekuwa mkali, hata mimi ananidonoa."

Kila baada ya wiki mbili ilikuja ndoo. Niliwaonyesha wateja mayai yale. Mtu akileta ubishi nampasulia moja kwenye sahani aone kiini kilivyosimama. Nilimpelekea kaka nusu ya kila ndoo. Alikula akasifu, lakini akaniambia pia, bila hasira, kwamba kwa mwendo huo kuku hawataisha na mzee hataondoka kijijini mpaka abebwe. Nilimwambia sauti ya baba kwenye simu ni nzuri. Kila nikimuuliza kama amekula ananiambia amekula.

Nilikwenda mwezi wa saba, wakati wa kuvuna. Baridi ilikuwa kali. Nilimkuta amesimama mlangoni na koti, tukaamkiana kamwene, salamu ya kwetu, akanipokea mkoba, na nilipomkumbatia mikono yangu ilimzunguka ikapitiliza. Nilidhani ni koti kubwa. Alipolivua nikaona suruali imefungwa kwa kamba ya katani, imekunjamana kiunoni, na shingo yake imebaki mishipa. Kwenye simu sauti haina mwili, ndicho nilichokuwa nimesahau.

Nilikwenda bandani kwanza, Mungu anisamehe. Kuku walikuwa wanang'aa. Vifaranga walikuwa wengi hata kuwahesabu ni kazi. Stoo ilikuwa safi: pumba kwenye pipa, soya kwenye pipa, dagaa kwenye mfuko umefungwa vizuri, na kopo la kupimia limening'inizwa msumarini. Kisha nikaingia jikoni. Kulikuwa na sufuria yenye ukoko wa ugali. Kulikuwa na chumvi. Nilifunua chungu nikakuta maharage yaliyochacha, juu yameota povu. Nyuma ya mlango palikuwa na mboga za majani zilizonyauka na kamba yake, hazijafunguliwa.

Hapo hasira ikanipanda, ile ya Mbalizi, na nilimtolea baba yangu. "Kuku wanakula dagaa, wewe unakula chumvi? Nimekutumia soya, nimekutumia dagaa wazima, mayai unanitumia mimi ndoo nzima! Wewe hata moja hulali nalo tumboni? Kila siku nakuuliza umekula, unanidanganya!"

"Nakula," alisema.

"Unakula nini?"

"Napika, mama. Usiseme sipiki. Maharage hayo nilipika juzi." Alikaa kwenye kigoda cha mama, magoti juu. "Napika vizuri, napakua, naweka mezani. Nakaa. Halafu naangalia tu. Naona aibu, nafunika."

"Aibu ya nani? Uko peke yako."

Alikuwa anautazama ule ukoko wa ugali. "Mama yako alikuwa anakuja na maji ya kunawa. Miaka yote. Tumegombana, hatusemezani, lakini anakuja na maji, ananimiminia, anasema karibu chakula. Hata hospitali, mgonjwa yeye, alisema karibu. Na kabla yake alikuwa mama yangu. Mimi sijawahi kula bila kukaribishwa. Sasa humu ndani nani anikaribishe? Nijikaribishe mwenyewe kama mwizi?" Akaonyesha nje kwa kidevu. "Kuku mimi nawakaribisha. Nawaita, wanakuja, nawaona wanakula. Nikishawaona wao, nasikia kama nimeshiba."

Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilikuwa naulizwa na Mbalizi nzima kuku ale nini, kwa kipimo gani, saa ngapi. Baba yangu nilikuwa namuuliza umekula, kisha nakata simu kwa sababu mteja amesimama.

"Najua," aliendelea, "sasa utamwambia kaka yako, mtanichukua. Na mna haki. Ila kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi Mbeya nitakuwa nimekaa sebuleni kwa watu nikingoja kuambiwa choo kiko wapi." Alisema bila kunitazama, kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo.

Alikuwa amesema kweli. Simu moja tu kwa kaka ingetosha. Kuku hawakuwa wameisha, lakini baba mwenyewe alikuwa anaisha, na hakuna mzee wa kanisa ambaye angenipinga. Chumba kilikuwa tayari. Nilikuwa namtaka, nilikuwa namtaka kabisa, ningemwona kila asubuhi. Nilitoka nje nikasimama kwenye uzio na simu mkononi. Yule tetea shingo tupu alikuwa anapekua majani na vifaranga wake, akipata kitu anaita, wanakimbilia, yeye anasimama pembeni mpaka wamalize. Nilimpigia kaka. Alipopokea nilimwambia nimefika salama, baridi ni kali, mzee anamsalimia.

Nilichukua mayai manne moja kwa moja kwenye viota, nikachuma nyanya, nikafungua mfuko wa dagaa wa kuku. Nilisonga ugali mdogo. Nilimwandalia mezani, nikachota maji ya uvuguvugu kwenye birika, nikaenda mbele yake nikapiga goti kama mama alivyokuwa anapiga, na magoti yangu si ya ujana. Nilimmiminia. Alinawa mikono ile iliyojenga nusu ya kijiji, kidole kwa kidole.

"Karibu chakula, baba."

"Nimekaribia," alisema, akala. Alikula taratibu, bila kuinua kichwa, na mimi nilikaa pale mpaka akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Nilikaa siku tisa. Mashine Mbalizi zilisimama, wateja walinitukana kwenye simu, nikawaacha watukane. Siku ya kuondoka nilimwambia sharti langu: anabaki, lakini saa saba mchana kila siku chakula kiwe mezani na simu iwe pembeni.

Tangu hapo, saa saba nazima mashine. Wateja wameshazoea, wanakaa kwenye magunia kungoja. Napiga, naweka sikioni, nasema, "Baba, karibu chakula." Nasikia maji yanamwagika kwenye beseni. Nasikia anasema amekaribia. Namuuliza mboga ni nini, na akisema chumvi nampigia jirani. Mara nyingi anasema maharage, anasema mchicha, na siku moja moja anasema yai, kwa sauti ya chini kidogo, kana kwamba kuku watasikia. Sikati mpaka nimsikie anatafuna. Suruali, jirani ananiambia, imeanza kushika kiunoni bila kamba.

Mwezi uliopita umeme ulikatika, mkanda wa mashine nao ukakatika, na lori la pumba likafika yote kwa wakati mmoja. Niligombana na dereva, nikagombana na fundi. Nilipotazama saa ilikuwa saa kumi kasoro. Nilimwacha dereva anaongea, nikapiga. Baba alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.

"Baba, nisamehe. Nisamehe sana. Umekula?"

"Bado," alisema. "Nipo mezani. Nilikuwa nakungoja."

Watu walikuwa wamejaa bandani, dereva ananipungia karatasi za mzigo, nami nimekaa juu ya gunia la mashudu nalia, na Iringa baba yangu amekaa mbele ya chakula kilichopoa, amenyoosha mikono juu ya beseni, anasubiri neno.

"Karibu, baba," nilisema.

Nikasikia maji.